Gari la gesi na petroli Mtwara na Lindi: namna ya kuhama kutoka mafuta haya kwenda yale bila kuumiza injini

Gesi asilia inayoendesha magari ya Dar es Salaam inatoka kwetu Kusini. Ile ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalishwa 2004. Ile ya Mnazi Bay, upande wa Msimbati, iligunduliwa 1982, na tangu 2015 bomba la inchi 36 linaisafirisha kutoka Madimba hadi Dar. Hata hivyo, vituo vingi vya kujaza gesi kwenye magari viko huko huko Dar. Kwa hiyo mtu wa Mtwara au Lindi mwenye gari lililofungwa mfumo wa gesi hawezi kuishi kama dereva wa teksi wa Ubungo, ambaye mtungi ukiisha anakwenda kupanga foleni na maisha yanaendelea. Huku kwetu gari linahama mara kwa mara kutoka gesi kwenda petroli na kurudi, wakati mwingine kwa wiki kadhaa mfululizo. Kuhama huko kukifanywa vibaya ndiko kunakoua pampu, kunakochoma vali na kunakofanya watu waseme gesi inaharibu injini.

Kuna jambo moja ambalo mwenye gari akilielewa, mengine yote yatamkalia sawa: mfumo wa gesi wa kisasa hauna hesabu zake wenyewe. Kompyuta ya gari inakokotoa kila nozeli ifunguke kwa muda gani kumwaga petroli. Kompyuta ndogo ya gesi inaukamata muda huo, inauzidisha kwa kiwango fulani, kisha inafungua nozeli za gesi. Hesabu ya petroli ikiwa na kasoro, kasoro hiyo inahamia kwenye gesi. Na gesi ikisetiwa vibaya, kompyuta ya petroli inajifunza uongo, halafu siku ukirudi kwenye petroli gari linakataa sailensa, yaani injini haitulii gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Huduma yote ya gari la mafuta mawili inaanzia upande wa petroli, hata kama petroli unaitumia mara chache.

Jua gari lako ni la aina gani

Magari mengi tunayotumia huku, IST, Passo, Noah, Corolla, Premio za kawaida, yana nozeli zinazomwaga petroli kwenye njia ya hewa kabla ya vali. Hayo ndiyo yanayokubali gesi kwa urahisi zaidi. Gari la kabureta nalo linafungwa, ila kwa mfumo wa kizamani wa kuchanganya gesi na hewa kwenye mdomo wa kabureta, na kulisetia ni kazi ya sikio zaidi kuliko ya laptopu.

Simama ufikirie mara mbili kama gari lako linamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mfano Toyota zenye alama ya D-4 au Volkswagen za TSI. Ncha za nozeli zake zimo ndani ya moto, na kinachozipoza ni petroli inayopita. Ukizizima na kuendesha gesi tupu, zinaungua. Kuna mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hizo, nayo huendelea kumwaga petroli kidogo hata gari likiwa kwenye gesi. Fundi akikuambia mfumo wa kawaida unafaa tu, tafuta fundi mwingine.

Halafu kuna magari yaliyoongezwa nguvu: hedi imechongwa ili kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipande, au taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, imesogezwa mbele. Gesi asilia inavumilia mgandamizo kuliko petroli. Oktani yake, yaani kipimo cha uvumilivu huo, inavuka 120, wakati petroli ya kituoni iko kwenye tisini na kitu. Ndiyo maana wapo wanaochonga hedi ili wapate nguvu zaidi kwenye gesi. Sishauri hata kidogo kwa gari la Mtwara au Lindi. Siku gesi ikikosekana na ukaweka petroli kwenye injini ile, itagonga, yaani mafuta yatalipuka nje ya wakati wake ndani ya silinda, na kugonga huko kunatoboa pistoni. Gari linalohama lazima lijengwe kwa kipimo cha mafuta dhaifu, yaani petroli.

Petroli iwe nzima kabla mtungi haujaingia kwenye buti

Kabla hujalipa hata shilingi ya mfumo wa gesi, peleka gari likapimwe mambo haya.

Kompresheni ya kila silinda. Zikipishana sana, tengeneza kwanza. Gesi haifichi udhaifu wa injini, inauanika.

Plagi na koili. Gesi ni ngumu kuwasha kuliko petroli; inahitaji umeme mkali zaidi kuruka kwenye plagi. Koili iliyochoka inaweza kufanya kazi kwenye petroli mwaka mzima bila wewe kujua, ukahamia gesi asubuhi moja na gari likaanza kumisi. Weka plagi mpya, na upunguze uwazi wake. Kama kiwandani ni milimita 1.0 au 1.1, wengi hushusha hadi 0.7 au 0.8 kwa gari la gesi. Uwazi huo petroli inaukubali, kwa hiyo hutahitaji kubadili plagi kila unapohama.

Chujio la hewa. Hapa Kusini tuna habari yetu. Kuanzia mwezi wa sita hivi, mikorosho ikipuliziwa salfa, unga ule wa njano unaelea barabarani kuanzia Nanyamba hadi Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea. Fungua kasha la chujio la gari lililopita huko msimu mzima na utaukuta umeganda kwenye mikunjo ya karatasi pamoja na vumbi jekundu. Gesi yenyewe inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, kwa sababu inaingia ikiwa tayari ni mvuke. Chujio likiziba, injini iliyokuwa tayari imenyimwa hewa inanyimwa tena. Msimu wa salfa kagua chujio kila wiki, na usilipulize kwa kompresa mara nyingi hadi karatasi itoboke. Nunua jipya.

Uwazi wa vali. Petroli ikiingia inapoza siti za vali kidogo. Gesi inaingia kavu na moto wake unadumu zaidi kwenye vali za kutolea moshi. Siti zinalika taratibu, vali inazama, uwazi unapungua mpaka vali haifungi vizuri, kisha inaungua. Injini zenye tapeti zinazorekebishwa kwa mkono au kwa vidonge zipimwe mara mbili zaidi ya ulivyozoea zamani.

Mwisho, soma marekebisho ya mafuta. Kompyuta ya gari husahihisha mchanganyiko kwa kutumia sensa ya oksijeni, na kiasi cha masahihisho kinaonekana kwenye mashine kwa asilimia: yapo ya papo kwa papo na yapo ya muda mrefu. Injini ikiwa imepata moto na iko kwenye petroli, ya muda mrefu yawe ndani ya asilimia 5 juu au chini ya sifuri. Yakifika kumi na kuendelea, kuna hewa inavuja, nozeli chafu, pampu dhaifu au sensa iliyochoka. Magari mengi ya zamani ya soko la Japani hayakubali vile visomaji vidogo vya simu, kwa hiyo mlipe fundi mwenye mashine inayoyasoma. Andika namba hizo kwenye daftari la gari. Utazihitaji mbele.

Kufunga na kusetia

Mfumo wenyewe uko hivi. Mtungi kwenye buti unabeba gesi kwa presha ya bar 200. Bomba jembamba la chuma linapita chini ya gari hadi kwenye regyuleta mbele, ambayo inashusha presha hiyo hadi karibu bar 2. Gesi inapotanuka ghafla namna hiyo inapoa sana, kwa hiyo regyuleta hupashwa joto na maji ya injini. Kutoka hapo gesi inapita kwenye chujio, inaingia kwenye nozeli zake, na mipira mifupi inaipeleka kwenye njia ya hewa karibu na kila silinda.

Mwenye gari usikae kibandani ukinywa chai wakati kazi inafanyika. Angalia mipira ya maji ya regyuleta imeungwa kwenye njia ya maji yanayozunguka kweli, ile ya hita, na kwamba maji yameongezwa na hewa imetolewa baada ya kazi. Angalia bomba la chuma chini ya gari limefungwa kwa vibano vilivyo karibu karibu, mbali na ekzosi. Angalia mipira kutoka nozeli hadi kwenye njia ya hewa ni mifupi na ina urefu unaolingana. Mtungi ufungwe kwenye bodi kwa mikanda yake ya chuma na boliti zenye wosha pana chini ya sakafu. Mtungi wa chuma wa lita 60 unakaribia uzito wa mtu mzima, na gari likigonga hautakiwi kuhama.

Nisisitize jambo hili kwa nguvu zangu zote: mtungi wa gesi ya kupikia hautumiki hapa. Gesi ya jikoni ni propani na butani, inakaa kama kimiminika kwa presha isiyofika hata bar 15 kwenye joto letu. Gesi asilia inajazwa kwa bar 200. Mtungi wa jikoni ukiunganishwa kwenye kompresa ya gesi asilia unalipuka na kuua walio karibu. Asitokee mtu akakushawishi kwa bei.

Kusetia sasa. Injini ipate moto kamili, feni ya rejeta iwake angalau mara moja. Fundi anaunganisha laptopu na kuiacha programu ijipime gari likiwa kwenye sailensa. Mafundi wengi wanaishia hapo na kukukabidhi funguo. Hiyo ni nusu ya kazi. Sailensa ni sehemu ndogo tu ya maisha ya injini. Ni lazima kuendesha barabarani, laptopu ikiwa kwenye mapaja ya mtu wa pili.

Zoezi lenyewe ni hili. Endesha kwenye petroli barabara tambarare, ile ya kutoka Mtwara kwenda Mikindani inafaa, gia moja, mzunguko wa injini 2,500 kwa dakika, mguu umetulia. Soma muda wa nozeli ya petroli. Tuseme ni milisekunde 5.0. Sasa bonyeza swichi uhamie gesi bila kubadili chochote, subiri sekunde kadhaa, soma tena muda ule ule wa petroli, maana kompyuta inaendelea kuukokotoa hata kama nozeli za petroli zimezimwa. Ukibaki 5.0 au karibu hapo, kiwango cha gesi ni sahihi. Ukipanda hadi 6.0, maana yake kompyuta inalalamika kwamba mchanganyiko umekuwa mwepesi na inajaribu kuongeza. Fundi aongeze kiwango cha gesi eneo hilo la ramani, lile jedwali la viwango kwenye programu. Ukishuka hadi 4.0, gesi ni nyingi mno, apunguze. Rudia kwenye mzunguko wa 1,500, wa 3,500, na ukiwa umekanyaga kupanda mlima. Tofauti ibaki ndani ya asilimia 10 kila mahali.

Mchanganyiko mwepesi kwenye mzigo ndio adui mkubwa, kwa sababu unachoma vali kimya kimya huku gari likionekana kula gesi kidogo. Ukisikia fundi anajisifu kwamba amekubana gesi ili uokoe, mwambie arudishe.

Kifaa cha kusogeza taimingi ni cha hiari. Gesi asilia inaungua polepole kuliko petroli, hivyo ikiwashwa mapema kidogo inarudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Ukikifunga, hakikisha kinajizima chenyewe gari linaporudi petroli. Mjaribie fundi papo hapo: hamia petroli, kanyaga kwenye mlima, sikiliza. Ukisikia injini inagonga, kifaa hicho kimebaki kwenye gesi.

Kuhama kila siku

Asubuhi washa kwa petroli, daima. Mifumo mingi inafanya hivyo yenyewe: swichi iko kwenye gesi lakini gari linaanza kwa petroli hadi maji yafikie joto lililopangwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 30 na 50, ndipo linahama. Kwa joto letu ni dakika chache tu. Usimwambie fundi ashushe kiwango hicho ili gari lihame haraka. Zile dakika chache za petroli zinasafisha nozeli, na zinaipa regyuleta muda wa kupata moto.

Kuhama kwa mkono kufanywe gari likiwa limetulia, mwendo wa kawaida, mguu mwepesi. Usibonyeze swichi katikati ya kulipita lori la saruji. Kwa nusu sekunde injini inaweza kupata mafuta yote mawili au kukosa yote mawili, na hapo ndipo gari linaposhtuka au kukata moto.

Kwenye gesi tegemea kupungukiwa nguvu kwa asilimia 10 hadi 15. Mjini huisikii. Ukiwa na abiria wanne na magunia, ukitoka Masasi kupanda Newala au ukipanda Rondo, utaisikia sana. Hama petroli ukiwa bado chini, kabla ya mlima kuanza.

Tangi la petroli lisishuke chini ya robo. Hili ndilo kosa linalokula hela nyingi kuliko yote. Kwenye magari mengi pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata unapotumia gesi, kwa sababu kinachozimwa ni nozeli tu. Pampu hiyo imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli inayoizunguka. Dereva anayeweka petroli ya elfu tano ya kuwashia tu, tangi tupu mwaka mzima, anaichemsha pampu yake kila siku. Mafundi wengine huweka rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuizima pampu gari likiwa kwenye gesi. Ni nzuri, ila isizime ghafla kabla ya gesi kushika, na isikufanye usahau robo ya tangi.

Petroli nayo inazeeka. Kwenye joto la pwani sehemu zake nyepesi hupeperuka, na baada ya miezi kadhaa inakuwa nzito na kuacha utando kwenye nozeli. Kwa hiyo mara moja kwa wiki endesha petroli tupu safari nzima, kilometa 15 au 20, injini ikiwa moto, halafu uongeze mpya. Safari hiyo ina faida ya pili: unaisikiliza petroli. Ikiwa gari linatetemeka au taa ya injini inawaka kwenye petroli pekee, umegundua ukiwa Shangani, hapa Mtwara mjini. Hukusubiri kugundua saa nne usiku katikati ya Nangurukuru na Somanga.

Hesabu ya safari

Mtungi wa lita 60 ni ujazo wa maji. Kwa bar 200 unabeba gesi karibu kilo 10, na kilo moja ya gesi asilia ina nishati ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Kilo 10 ni kama lita 15. Gari linalokwenda kilometa 13 kwa lita litafika kilometa 195 hivi kwenye gesi. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 560. Zinabaki 365, ambazo zinataka lita 28 za petroli, na akiba juu yake. Fanya hesabu hiyo kwa gari lako kabla ya kuondoka.

Kwa bei pia njia ni hiyo hiyo: chukua bei ya kilo ya gesi, igawanye kwa 1.5, upate bei ya gesi inayolingana na lita moja ya petroli. Kisha jiulize utajaza wapi na mara ngapi. Kama kituo cha karibu kiko mbali kiasi kwamba unachoma nusu ya mtungi kukifikia na kurudi, gharama ya kufunga haitarudi kwa gari la matumizi ya nyumbani. Kwa daladala, teksi au gari la mizigo linalokwenda Dar kila wiki, hesabu ni nyingine kabisa.

Ukijaza, abiria wote washuke, injini izimwe. Gesi inapojazwa haraka inapata joto, geji inasoma 200, halafu ikipoa inashuka na unajiona umepunjwa. Ni tabia ya gesi. Kujaza asubuhi na mapema, mtungi ukiwa haujachomwa na jua, kunakupa kilo kidogo zaidi.

Kurudi petroli kwa muda mrefu

Umeitwa Tunduru kwa mwezi mzima, au kituo kimeharibika. Usibonyeze swichi tu ukaondoka.

Maliza gesi kwa kuiendesha hadi gari lihame lenyewe, usiache mtungi ukiwa nusu kwa wiki nyingi juani bila sababu. Zima swichi ibaki kwenye petroli. Fungua buti, funga vali ya mkono kwenye shingo ya mtungi kwa kuizungusha kama unavyofunga bomba la maji. Ukitumia kifaa cha taimingi, hakikisha kimejizima. Kisha endesha taratibu, mjini na barabara kuu, kilometa 50 hadi 100, ili kompyuta ijifunze petroli upya. Usikimbilie kuchomoa betri. Unafuta kumbukumbu zote na sailensa nayo inapotea. Soma marekebisho ya mafuta na uyalinganishe na yale uliyoyaandika kwenye daftari siku ya kwanza. Yakirudi karibu na hapo, safiri. Yakiwa mbali, kwa mfano petroli sasa inaongezwa asilimia 15, kagua shinikizo la pampu na usafi wa nozeli kabla hujatoka mjini, kwa sababu Tunduru hutakuwa na mafuta ya pili ya kukimbilia.

Ukirudi gesi baada ya mwezi, fungua vali ya mkono polepole, robo mzunguko kwanza, sikiliza na unuse, halafu malizia. Kuifungua ghafla kunaigonga regyuleta kwa bar 200 kwa mara moja na kunapasua viwambo vyake.

Wanaouliza kuhusu spiriti ya mabibo

Msimu wa mabibo kila mwaka swali hili linaibuka: gongo inawaka, kwa nini tusiweke kwenye gari? Ni kweli ethanoli inaendesha magari; Brazil wanauza magari yanayokubali ethanoli na petroli kwa mchanganyiko wowote tangu 2003. Lakini yale yametengenezwa hivyo, kuanzia mipira hadi kompyuta. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ethanoli inataka 9 tu. Gari la kawaida likinyweshwa ethanoli nyingi linakosa mafuta kwa zaidi ya theluthi, linamisi na kupata moto kupita kiasi. Gongo ina maji mengi, na maji hayo yakikutana na petroli ndani ya tangi yanajitenga na kutulia chini, mahali pampu inaponyonya. Zaidi ya hayo kuipika ni kosa la jinai. Mabibo yana kazi nyingine nzuri.

Chumvi, mtungi na kuvuja

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula chuma. Gari linalolala Mikindani au ufukweni Lindi linashika kutu chini kuliko la Masasi. Kila mwezi lala chini ya gari na tochi, fuata bomba la gesi kutoka nyuma hadi mbele. Kutu ya juu juu isugue na upake rangi ya kuzuia kutu. Bomba lililoliwa hadi lina mashimo madogo libadilishwe, halichomelewi. Mikanda ya mtungi nayo ikaguliwe pale inapogusa mtungi, kwa sababu maji ya chumvi hujificha chini ya mpira. Mtungi wenyewe usichomelewe, usitobolewe, wala kupakwa rangi inayofunika maandishi yake.

Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni, tena sabuni ya maji iliyokorogwa nzito. Paka kwenye kila ungio: shingo ya mtungi, mdomo wa kujazia, regyuleta inapoingia na inapotoka. Usipake na kuondoka. Tazama kila ungio kwa dakika nzima. Uvujaji mkubwa unapuliza mapovu hapo hapo. Ule mdogo unatoa ukungu mweupe wa vipovu vidogo kama punje za mtama, polepole sana. Huo mdogo ndio unaojaza buti usiku kucha.

Ukifungua boneti saa sita mchana wa Mtwara ukakuta regyuleta ina jasho la barafu, maji hayaifikii. Ama yamepungua, ama mpira umekunjika, ama hewa imekwama kwenye njia. Hamia petroli hapo hapo, ongeza maji, toa hewa. Ukiendelea na gesi viwambo vya regyuleta vinakauka na kupasuka.

Ukinusa gesi ukiwa njiani: egesha mahali wazi, zima injini, shusha vioo, abiria wote watoke, fungua buti, funga vali ya mtungi. Hakuna sigara, hakuna simu karibu na gari. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kutawanyika haraka mahali wazi, lakini chini ya dari iliyofungwa inakusanyika juu. Kwa hiyo usilaze gari la gesi kwenye gereji isiyo na matundu ya hewa karibu na paa. Baada ya dakika kadhaa harufu ikiisha, washa kwa petroli na vali ya mtungi ikiwa imefungwa, uende kwa fundi.

Shingoni mwa mtungi kuna tarehe ya kutengenezwa, presha ya kazi na tarehe ya kupimwa. Mitungi hupimwa upya kwa maji yenye presha kila baada ya miaka mitatu au mitano kulingana na kiwango chake, na ina mwisho wa maisha, mara nyingi miaka 15 au 20. Kabla ya kufunga, linganisha namba ya shingoni na ile ya kwenye cheti, moja baada ya nyingine, mwenyewe kwa macho yako. Mtungi usio na cheti, au ulionunuliwa kutoka gari lililopata ajali, usiuingize kwenye gari hata ukipewa bure. Nakala ya cheti ikae kwenye gari, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari sasa linatumia gesi na petroli. Ukiuza gari, mkabidhi mnunuzi cheti hicho pamoja na daftari lenye namba za petroli za siku ya kwanza.